Nyayo za Aliyetoka Majini

Uppsala, 12 Machi 1988

Dada yangu mpendwa Bogumiła,

Salamu nyingi kutoka huku Sweden kwenye theluji isiyotaka kwisha. Mimi ni mzima, ila jino moja linanisumbua, na daktari wa meno wa huku ana mikono kama ya mchimba mawe. Mke wangu Ingrid anakusalimu. Binti yetu amekua, na Kipolandi chake kimebaki maneno ya chakula tu. Mama hajambo? Macho yake yanaendeleaje? Kimkate chembamba cha Noeli cha kumegeana, ulichotutumia, kilifika katikati ya Februari, kimekuwa unga mtupu ndani ya bahasha. Tuliuchota kwa ncha ya kidole, kila mtu chembe yake, tukatakiana heri hivyo hivyo. Usiache kututumia kwa sababu hiyo.

Nimepata pia picha ya kaburi la mdogo wetu Lucjan, uliyoipiga Siku ya Watakatifu Wote. Sasa nisikilize vizuri. Mishumaa uliiweka chini, ubavuni mwa bamba la jiwe, na mwanga ukapita juu yake kwa upande. Kwa mwanga wa namna hiyo jiwe huwa halifichi kitu. Nimeona mistari miwili ya alama, na nimeitazama kwa kioo cha kukuzia siku tatu mfululizo. Bamba hilo silijui. Nilipoondoka mwaka 68 palikuwa na msalaba wa mbao tu. Marehemu baba alilitoa wapi?

Unajua kazi yangu ni kukaa na mifupa ya samaki wa zamani, na wewe hucheka ukisema heri ningeuza samaki wabichi. Lakini hadithi yenyewe ni yetu sote. Kila kiumbe mwenye mifupa na miguu, ng'ombe wako, kuku wako, wewe na mimi, ametokana na samaki ambao mapezi yao yaligeuka miguu, wakaanza kutembea kwenye maji ya kina kifupi na mwisho wakatoka nje. Wa kale kabisa tunaowajua wametoka kwenye mawe ya Greenland. Mawe ya machimbo ya kijijini kwetu ni ya zamani kuliko yale, kwa mamilioni mengi ya miaka. Kama zile ni nyayo, basi vitabu vyote vimekosea tarehe.

Nakuomba unijibu haraka. Alama hizo zimebonyea au zimetuna? Zipime kwa utepe wako wa kushonea.

Ndugu yako,
Seweryn


Skalna Wola, 24 Aprili 1988

Mdogo wangu Seweryn,

Salamu. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena, kwa hiyo na yule bwana wa serikali anayesoma barua za watu sasa ana habari za jino lako. Sisi tupo. Mume wangu Tadek anakohoa vumbi la chokaa ingawa machimbo ameyaacha mwaka wa tatu huu. Nyama bado ni kwa kadi ya mgawo, na kadi yenyewe ni kwa foleni. Mama macho yamekwisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Barua zako namsomea mimi, na ile ya juzi nimemsomea mpaka kwenye jino.

Alama zimetuna. Kila moja inajaa kiganja changu, na mbele ina vidole, au vitu kama vidole. Ziko kumi na mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kati ya moja na nyingine ni sentimita arobaini na kidogo. Upande wa miguuni pa kaburi jiwe lina mikunjo kama ya maji yanayopulizwa na upepo. Upande wa kichwani lina vistari vilivyoinuka kama wavu. Umeridhika?

Baba alilipata machimboni, majira ya kuchipua ya mwaka 69. Wewe ulishakwenda zako. Unakumbuka alivyokuwa mkali, nyapara wa machimbo miaka thelathini, na sheria yake moja: jiwe hulazwa kama lilivyolala mlimani, tumbo chini, mgongo juu. Ukiligeuza linameza maji, baridi ikija linapasuka. Kuna fundi alimfukuza kazi kwa kulaza kizingiti cha shule tumbo juu. Basi bamba hili alama zake ziko tumboni, na baba akalilaza juu ya Lucjan limegeuzwa, tumbo likiangalia mbinguni. Mafundi wenzake walimcheka mpaka kwenye misa. "Wincenty kazeeka, hajui tena chini wala juu."

Mama kila Jumapili nampeleka. Anapiga magoti anazipapasa zile nundu moja moja mpaka ya kumi na mbili, halafu anaanza. Unajua anachoanza, ingawa hukuwahi kukaa ukakisikiliza. Kwamba siku ile ya Julai Lucjan alivunja jagi la maziwa, yeye akampiga na kitambaa cha vyombo na kumwambia, "Nipotelee, sitaki kukuona." Na mtoto wa miaka kumi na moja akapotea kweli, akaenda peke yake kwenye shimo la machimbo lililojaa maji. Miaka ishirini na saba, Seweryn, maneno ni yale yale. Padri amemwondolea dhambi hiyo mara ngapi sijui, na kila akitoka kanisani anayo tena.

Dada yako,
Bogumiła


Uppsala, 19 Mei 1988

Dada yangu wa dhahabu,

Salamu kwa wote, na pole kwa Tadek. Jino limeng'olewa. Huku miti imechanua na Ingrid amepanda viazi, ili nisisahau kwetu, anasema.

Vipimo vyako nimevisoma mbele ya wenzangu nikitafsiri, na profesa wetu akasimama kutoka kwenye kiti. Hujui ulichokiandika. Mikunjo ni ya maji ya kina kifupi. Vistari kama wavu ni nyufa za tope lililokauka juani. Maana yake mnyama huyo alikuwa na maji nyuma yake na nchi kavu mbele yake. Tumbo halikuburutwa, mkia haukuburutwa. Nundu zimekuwa nundu kwa sababu tope jipya lilijaza nyayo zake likawa jiwe, na baba akalifunua tumbo la jiwe hilo. Alitoka majini, dada, alitoka kwa miguu yake mwenyewe na hakurudi. Nyayo hazidanganyi. Mtu akijua kuzisoma zinamwambia nani alipita, akielekea wapi, na kama alikuwa na haraka.

Ombi langu ni hili. Jumba la makumbusho la Warszawa liko tayari kuleta lori na watu wa kulinyanyua bila kulikwaruza. Lucjan atawekewa jiwe jipya la itale nyeusi lenye jina lake kwa herufi za dhahabu, zuri kuliko lolote kijijini. Kinachotakiwa ni sahihi ya mama, au yako kwa niaba yake. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyagusa maishani.

Mwambie mama asijilaumu. Ilikuwa ajali.

Akupendaye,
Seweryn


Skalna Wola, 3 Julai 1988

Seweryn,

Salamu zimefika. Cheri zimeiva na ndege aina ya kwezi wamekula nusu. Tadek anakohoa vile vile. Mama hali chakula vizuri, miguu imevimba.

Nimeanza barua hii mara nne. "Mwambie mama asijilaumu." Kwa nini nimwambie mimi? Mdomo unao, kalamu unayo, na kwa samaki umeandika kurasa tatu.

Baba kabla hajafa, miaka mitatu iliyopita, aliniita akaniambia mlango niufunge. Nilingoja uje mazishini nikuambie uso kwa uso, ukaleta simu ya maandishi. Basi soma. Siku ile ya Lucjan, baba ndiye wa kwanza kufika shimoni, kabla ya askari. Unalikumbuka lile tope jeupe la chokaa ukingoni, mguu ukizama humo unaacha hata mistari ya ngozi. Baba aliona nyayo za watu wawili zikiingia majini, ndogo na kubwa. Na aliona nyayo za mmoja zikitoka. Zile kubwa. Mguu wa kushoto, kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba. Katika kijiji kizima nani mwenye kidole hicho? Mama alikuwa akikutania nacho ukiwa mdogo.

Akachukua ufagio wa matawi, ule wa kufagilia vumbi la mawe, akafagia ukingo wote. Askari walipofika waliona tope safi, na wewe ulikuwa kwa shangazi Klara unachuma cheri, ndivyo ulivyosema. Mwenye miaka kumi na tano hakuulizwa mara ya pili. Baba alikaa na siri hiyo miaka ishirini na nne ili asipoteze watoto wawili siku moja. Siku alipofunua lile bamba na kuona nyayo za mmoja tu zikitoka majini, aliniambia, aliona zile alizozifagia zimerudi. Alilaza jiwe tumbo juu kwa kusudi. Kusema hakuweza, sheria yake akaweza kuivunja.

Mimi sikuiti muuaji. Sijui kilichotokea ndani ya maji na sikuulizi. Nataka jambo moja. Mwandikie mama kwamba Lucjan hakwenda pale kwa sababu ya jagi. Kwamba hakuwa peke yake. Ukurasa mmoja, kwa mkono wako, maana nikimwambia mimi atasema namfariji. Nimsomee afe kwa amani. Siku nitakapomaliza kuusoma, lori lako na lije. Sahihi nitatia, na itale yako muiache huko huko.

Bogumiła


Skalna Wola, 2 Septemba 1988

Seweryn,

Ni miezi miwili. Posta najua ni mbovu, lakini barua ya binamu yetu kutoka Amerika imekuja kwa siku kumi na nne.

Mama alianguka jikoni tarehe ishirini Agosti. Hainuki tena kitandani. Daktari anasema moyo umechoka. Nilimwambia, sijui kama nilikosea, kwamba Seweryn ana neno anataka kukuambia kuhusu siku ile. Tangu hapo kila mpanda baiskeli anayepita barabarani anauliza kama ni mtu wa posta. Mjibu.

B.


Uppsala, 21 Septemba 1988

Dada mpendwa,

Pole sana kwa hali ya mama. Nimempigia daktari mmoja wa huku ninayemfahamu na nimepeleka dawa za moyo kwa mkono wa padri anayekuja huko mjini Kielce, utazipata. Binti yetu ameanza masomo ya muziki. Sisi tu wazima.

Barua yako ya Julai niliipata. Sikujibu kwa sababu ilinibidi nitafakari kama mtu mzima na si kwa hasira. Baba alikuwa mgonjwa alipokuambia hayo, na dawa za maumivu humfanya mtu achanganye mambo. Na hata kama aliona kitu, nyayo peke yake si ushahidi, Bogumiła. Nazungumza kama mtu wa kazi hiyo. Tope halisemi nyayo ziliachwa saa ngapi. Wawili waliingia asubuhi, mmoja akatoka mahali pengine penye mawe asipoacha alama, mwingine akarudi jioni. Vidole vilivyopandana wanavyo watu wengi. Tunajifunza kutokuzidisha yale ambayo alama zinasema.

Hata hivyo nitamwandikia mama, nakuahidi. Ila niache nimalize mkutano wa tarehe tano Novemba, ambapo natakiwa kuonyesha picha yako na vipimo vyako, na kichwa changu hakina nafasi ya kingine. Mabwana wawili wa makumbusho watapita kwenu Oktoba kulitazama jiwe tu. Wapokee kwa chai.

Seweryn


Skalna Wola, 9 Oktoba 1988

Seweryn,

Mwezi Mei nyayo hazidanganyi, zinasema nani alipita na kama alikuwa na haraka. Mwezi Septemba nyayo hazijui kitu. Mnyama aliyekufa kabla ya milima kuwepo unamjua safari yake yote, na mguu wako mwenyewe huutambui. Kweli umesoma.

Mabwana walikuja. Chai niliwapa, ilikuwa ya jana. Walipiga magoti pale pale anapopiga mama, wakazipapasa nundu, na mmoja wao akatokwa na machozi kwa furaha. Sikumpenda, lakini angalau alilia.

Mama ameacha kula. Anaongea na Lucjan, anamwambia jagi halikuwa kitu, lilikuwa limepasuka toka zamani. Dawa zako zimefika na hazimezeki. Mkutano wako na mama yako wanashindana nani atakwisha kwanza. Andika.

B.


Uppsala, 14 Novemba 1988

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mkutano umekwisha. Walinipigia makofi wakiwa wamesimama, na nikiwa pale mbele, picha yako imetandazwa ukutani kubwa kama mlango, niliona jina la Lucjan ukingoni mwa jiwe. Sikuwahi kuliona kabla. Siku zote nilikuwa nakuza nyayo. Nikashindwa kuendelea, wakadhani ni furaha.

Humu ndani mna ukurasa wa mama. Nimeukunja na kuugundisha. Msomee mkiwa wawili tu, polepole. Habari ya jiwe sikuulizi.

Seweryn

*(Ukurasa uliokunjwa na kugundishwa. Juu yake: KWA MAMA TU.)*

Mama,

Lucjan hakwenda kwenye maji kwa ajili ya jagi. Alikuwa amekaa nyuma ya banda la nguruwe analia, nikamwita mimi. Nilimwambia, acha kulia kama msichana, twende tukaoge. Alisema anaogopa, hajui kuogelea vizuri. Nikamwambia chini ya maji kuna ukingo wa jiwe, atasimama. Ukingo ulikuwa upande wa pili.

Alinishika mguu. Nilidhani ananivuta chini, nikapiga teke mpaka akaniachia. Kisha nikatoka. Niligeuka nikaona maji yametulia, nikakimbia mpaka kwa shangazi Klara nikapanda mcheri.

Wewe hukumfukuza, Mama. Ulisema neno ambalo kila mama husema. Ni mimi niliyemchukua, na miaka yote hii nimekuacha uubebe mzigo wangu. Nisamehe, na kama huwezi, usijilazimishe.

Mwanao,
Seweryn


Skalna Wola, 18 Desemba 1988

Seweryn,

Salamu kwa Ingrid na mtoto. Theluji huku inafika magotini. Tadek hajambo kidogo.

Mama alifariki tarehe saba Novemba, asubuhi, nikiwa namchana nywele. Simu ya maandishi niliituma siku ile ile, na posta ya Kielce imenirudishia wiki iliyopita, wanasema jina la mtaa wenu nililiandika vibaya. Nimekuandikia mtaa huo huo miaka kumi na tisa. Siku ile mkono haukuweza. Kwa hiyo ulipokaa kuandika, mama alikuwa chini ya ardhi siku ya nne. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama jagi limegundishwa. Nikamwambia ndiyo, Mama, limegundishwa, halivuji.

Tumemzika pamoja na Lucjan. Ilibidi bamba linyanyuliwe, na Tadek aliwaita wazee wanne wa machimbo. Walipotaka kulirudisha waliniuliza, tulilaze vipi? Nikawaambia kama lilivyolala mlimani. Wakaligeuza mgongo juu, wakalifunga kwa saruji pande zote, na mzee mmoja akapiga kiatu chake juu yake akasema hatimaye limelala sawasawa. Sasa juu ni jiwe jeupe tupu. Zile nundu ziko chini, zimemwelekea mama, azipapase akitaka. Mabwana wako wakileta lori hawatapata sahihi, na atakayeligusa kwa nyundo atanikuta nimekaa juu yake.

Barua yako ilifika tarehe nne. Ukurasa wa mama umekaa mezani kwangu siku kumi na nne, karibu na chumvi. Umeandika juu yake kwa mama tu, na mimi si mama. Mwezi Julai ningeufungua kwa meno. Leo naurudisha humu na gundi yake haijaguswa. Ulichomwambia sijui na sitaki kujua, kibebe wewe, yeye alibeba zamu yake na yako.

Juzi nilinunua kimkate cha Noeli kanisani kama kila mwaka. Nilikishika nikate pembe yako, ndiyo desturi, mtu anakata huku anasamehe. Nilisimama nacho mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika. Basi ndani ya bahasha hii hakimo. Usiitikise ukidhani kimekuwa unga njiani.

Bogumiła